Maji Kupwa, Maji Kujaa: Na Hema Kutoka Tanga Hadi Kipumbwi

Mjomba alikubali kuja nasi kwa sharti moja: tarehe ya kutoka apange yeye, na apange kwa mwezi, si kwa kalenda ya ukutani. Mimi nilikuwa na likizo wiki ya mwisho ya Juni, shule zimefungwa, na hamu yangu ilikuwa ndogo: hema, jiko, mkeka, na pwani ya kusini ya Tanga tukiishuka polepole bila kukimbizana na mtu. Mjomba akahesabu vidole, akasema tutoke mwezi ukiwa na siku 12. "Siku ya nne tuwe Ushongo. Hapo ni bamvua, na kisiwa cha Maziwe nataka tukikute kimejitandaza chote."

Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka kumi, na Mjomba, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama. Ujana wake wote uliishia kwenye mashua na majahazi baina ya Tanga, Pangani na Unguja. Sasa ana miaka sabini na ushei, magoti yanamsumbua, lakini akisimama ufukweni hujui kama ni mzee.

Mtoto nilimnunulia daftari. Jioni ya kuamkia safari Mjomba akamkalisha barazani akamfundisha hesabu ya maji. Kwa siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, alasiri na alfajiri, asubuhi na usiku. Ukishajua hilo, kila kukicha unaongeza robo tatu ya saa. Mtoto akaandika yote, na juu ya kila ukurasa akaacha nafasi ya mwezi na ya maji. Vichwa vya kila siku hapa chini nimevitoa kwenye daftari lake.

Siku ya kwanza. Mwezi siku 12. Kujaa saa nane mchana, kupwa saa mbili usiku.

Tulitoka kwetu Ngamiani, mjini Tanga, saa tatu asubuhi na gari ya kuazima kwa kaka. Nyuma tulipakia hema mbili, jamvi, vyandarua, jiko, nusu gunia la mkaa, kiroba cha vifuu, madumu matatu ya maji ya lita 20, mchele, unga, mbuzi ya kukunia nazi, na kapu la machungwa ya Muheza kwa kuwa ndiyo msimu wake. Vifuu ni wazo la Mjomba. Mkaa ukiisha, kifuu kinawaka vizuri na hakikulazimishi kwenda kukata mkoko.

Kituo cha kwanza kilikuwa Tongoni, haizidi kilomita 20 kutoka mjini. Nimeishi Tanga tangu kuzaliwa na nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa shule ya msingi, tukiimba ndani ya lori. Safari hii palikuwa kimya. Magofu ya msikiti yamesimama nusu, kuta za matumbawe na chokaa, kibla chake bado unakiona. Kuuzunguka ni makaburi zaidi ya 40, mengi yana nguzo. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema hakuna mahali pengine katika pwani yetu penye makaburi ya nguzo mengi kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala kama minazi iliyong'olewa na upepo. Mjomba alivua viatu, akainua mikono akawasomea Fatiha watu asiowajua, waliokufa miaka 500 nyuma. Mume wangu na mimi tukaitikia amina.

Kisha akatupeleka upande wa mikoko akanyoosha kidole baharini. Zamani huku kuliitwa Mtangata. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama akiwa njiani kwenda Mombasa, moja ya meli zake, São Rafael, ilipanda fungu mbele ya pwani hii kabla ya alfajiri. Maji yakapwa, meli ikabaki imekaa mchangani. Hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Watu wa hapa wakawaendea na mitumbwi, na mmoja ulikuwa umebeba machungwa. Wareno wenyewe waliandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa meli ikanyanyuka ikaondoka. Walirudi Januari 1499, mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye, hawatoshi tena kuendesha meli tatu, na São Rafael ile ile wakaichoma moto kwenye fungu lile lile.

Mtoto alikuwa na chungwa mkononi wakati anasikiliza. Alilitazama, halafu akauliza, "Babu, kwa nini waliwapa machungwa watu wasiowajua?"

"Chombo kimepanda fungu," Mjomba alimjibu. "Ungewapa nini?"

Kigombe tulifika maji yameshaanza kupwa. Hapa sikutaka kosa, kwa hiyo jambo la kwanza tulimtafuta mwenyekiti wa kijiji, tukajiandikisha kwenye daftari lake, tukaonyeshwa na watu wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi na ufuko, mahali pa kulala ambapo hatutawafungia njia wavuvi. Mwenyekiti alituelewa kila kitu isipokuwa hema. "Mna ndugu hapa?" Hatuna. "Basi ndugu ni sisi. Nyumba zipo." Tulimshukuru tukamwambia mtoto ana hamu ya kulala nje. Alikubali kwa shingo upande, na magharibi akatuletea birika la chai ya mchaichai na sahani ya mihogo.

Hema mume wangu alikuwa amelisimamisha juu kidogo ya mstari wa mwani mkavu, akiamini maji hayavuki hapo. Mjomba akamwambia, "Baba, lirudishe nyuma hatua ishirini. Mstari ule ni wa maji ya mchana. Mwezi unakua, ya usiku yatapita." Giza lilikuwa limeingia, tumechoka, tukalirudisha hatua kama kumi.

Siku ya pili. Mwezi siku 13. Kupwa saa tatu kasorobo asubuhi, kujaa saa tisa alasiri.

Saa nane na nusu za usiku nilisikia sauti karibu na sikio langu, kama mtu anamwaga mchele. Nikawasha tochi. Maji yalikuwa yanagusa pembe ya hema. Tulimnyanyua mtoto na godoro lake, tukavuta hema zima juu likiwa na vitu ndani, na Mjomba alikuwa tayari ameshasimama nje, kanzu ameipandisha, anaokoa jiko. Hakusema neno. Kilichopotea ni ndala moja ya mume wangu, na asubuhi kijana mmoja mvuvi aliileta. Ameiokota mbali kule kusini, akauliza wageni wa hema wako wapi.

Asubuhi maji yalipotoka yalitoka kweli. Mwamba wote ulikuwa nje, na kina mama walikuwa wanashuka na fito zao zenye ncha ya chuma kwenda kuchokoa pweza. Niliwaomba kufuatana nao. Mmoja wao, mtu mzima aliyefunga kanga kiunoni kwa namna ambayo haikufunguka saa tatu nzima ndani ya maji, ndiye aliyenifundisha kuona. Mimi niliona mashimo mamia. Yeye alitafuta takataka: maganda ya kaa na kombe yaliyorundikana mlangoni. "Pweza hali nje," alisema. "Anabeba anakula kwake, maganda anatupa kizingitini. Ukiona jaa, mwenyewe yumo." Alipata wanne. Mimi niliona jaa moja peke yangu, na nilipomwita akaja akatumbukiza ufito na kweli alikuwemo. Furaha niliyoipata sijui niieleze vipi.

Alikataa kuniuzia yule wa kwangu, akanipa. Akaniuliza ninalala wapi. Nilipomwonyesha hema alisimama akalitazama muda mrefu. "Mwanangu, nyumba yangu ina chumba kitupu. Hema ni la mtu asiye na kwao." Nikamwambia kwetu ni hapo Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. "Basi ndiyo kabisa," akasema, "mtu wa Tanga alale nje Kigombe?" Hata jioni alipopita kuangalia kama nimempika vizuri, alirudia.

Nilimpika kama alivyonielekeza: kumpigapiga kwanza kwenye jiwe, kumbandika bila maji maana anatoa yake mwenyewe, na tui zito mwishoni kabisa.

Kigombe ina jina kwa jambo jingine. Maji ya mbele yake yanatumbukia ghafla, na huko chini anaishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimjua kwenye mawe tu, wakiamini ametoweka zamani za dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania alianza kupatikana mwaka 2003, na Tanga wakaendelea kunasa kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mzee mmoja pale bandarini aliwahi kumshika. Mapezi yake, alisema, yana nyama na mfupa kama miguu mifupi, na magamba magumu. Nyama haifai, ina mafuta mabaya. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya matumbawe yaliyokuwa yakilipuliwa kwa baruti, mwaka 2009 pwani hii ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia kaskazini ya jiji hadi karibu na mdomo wa mto Pangani. Huyo mzee alisema siku hizi akilala usiku hasikii tena milio. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepona ugonjwa.

Siku ya tatu. Mwezi siku 14. Kupwa saa tatu na dakika 20 asubuhi, kujaa saa kumi kasoro dakika 25 alasiri.

Pangani tulikaa saa tatu. Nilitamani zaidi, lakini Mjomba alitaka hema la Ushongo lisimame mchana. Tulitembea mtaa wa mtoni, tukapita Boma na milango yake ya nakshi, na majumba ya ghorofa ambayo miti imeota madirishani. Mji huu ulipokea misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo, na majumba yale yalijengwa kwa fedha hiyo. Siwezi kuyatazama mapambo yake nikasahau.

Mwanangu alitaka kujua habari za Abushiri, kwa sababu shuleni wamesomeshwa jina lake. Nikamwambia tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa mto. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kupandisha bendera yake hapa, na mkuu wao, Zelewski, watu walimpa jina la Nyundo kwa jinsi alivyokuwa. Pangani haikukubali. Vita vikaenea pwani nzima, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake. Walimkamata na kumnyonga hapa hapa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye alikufa Agosti 1891, Lugalo, kwenye shambulio la Wahehe. Mtoto aliandika tarehe zote mbili. Halafu akauliza alinyongwa wapi hasa. Nilimwonyesha mji.

Kivuko cha kwenda Bweni kilijaa pikipiki, mikungu ya ndizi, mbuzi wawili na bwana harusi mmoja na wapambe wake. Mto huu unaanzia milima ya Kilimanjaro na Meru, na ukiutazama pale mdomoni, maji ya udongo yanavyokutana na ya chumvi, unaona mstari kama umechorwa. Mjomba akamwambia mtoto kwamba mwenye chombo haingii mto huu maji yakiwa yanatoka, mkondo na wimbi vinapigana mlangoni. Unangoja nje, unaingia na maji.

Ng'ambo ya pili ni nchi ya mkonge na minazi. Kikogwe, karibu na hapo, ndiko mkonge wa kwanza wa nchi hii ulikopandwa mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote yaliyolisha na kuumiza mkoa wetu, na babu yangu mzaa baba alikata mkonge hadi mikono ikawa haikunjiki. Nilimwomba mume wangu asimamishe gari, nikatazama mistari ile ya kijani dakika chache, tukaendelea.

Ushongo tulipiga hema chini ya mivinje, si chini ya minazi. Mnazi una kivuli kizuri, ila nazi ikidondoka usiku haichagui. Na safari hii mume wangu alipanda juu ya mstari wa maji hatua arobaini, akageuka kumtazama Mjomba. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku ya nne. Mwezi siku 15. Kupwa saa nne na dakika tano asubuhi, kujaa saa kumi na robo alasiri.

Siku ya Maziwe.

Tulilipa kiingilio cha hifadhi, na saa moja na nusu tukawa kwenye mashua, umande bado unavuma kutoka nchi kavu, bahari laini. Kusi huamka baadaye. Mwenye chombo alikuwa kijana, na kwa muda Mjomba alijizuia kumpa maelekezo; kisha kijana mwenyewe akamwachia usukani bila kuombwa, akamwita "nahodha". Sikuwahi kumwona Mjomba akishika usukani. Nilikuwa mdogo alipoacha bahari.

Hakuna unachokiona kwa muda mrefu, maji matupu. Halafu kunatokea weupe, mstari mwembamba kama uzi, kama chumvi imemwagwa juu ya bahari. Ukisogea unanenepa. Ndiyo Maziwe: mchanga mtupu, hakuna jani, hakuna jiwe, na maji yakijaa hakuna kisiwa.

Mjomba alishuka wa kwanza. Alitembea kutoka ncha hii hadi ncha ile, anahesabu hatua, anasimama, anageuka, anaangalia milima ya bara kwa mbali apate alama zake. Nilimfuata nyuma. Mwaka wa kwanza alipopanda mashua, alisema, hapa palikuwa na msitu wa mivinje. Walikuwa wakitoka Unguja na upepo ukiwakatalia walilala hapa, wakafunga chombo, wakapika chini ya miti. Mivinje inalia upepo ukipita, alisema, usiku unadhani kuna watu wanasoma. Na kasa walipanda kutaga wengi hivi kwamba aliyelala mchangani alifukiwa miguu na mchanga wanaoutupa. "Tulikuwa tunagombana nani alale wapi. Hapa," akakanyaga, "au pale. Siwezi kujua tena. Sina mti wa kupimia."

Mwaka 1975 Maziwe ilitangazwa hifadhi ya bahari, kwa sababu ya kasa hao. Haikupita miaka kumi miti yote ikawa imeisha. Mivinje ilipokufa mchanga ukakosa wa kuushika, mkondo ukauchukua, na kisiwa kikabaki fungu linalooga mara mbili kwa siku. Kasa hawajui hayo. Jike hurudi kutaga pwani alikozaliwa, na wapo wanaorudi Maziwe mpaka leo, wanachimba, wanataga, wanakwenda zao, na maji yanakuja juu ya mayai. Ndipo watu wa Ushongo walipoanza kuwahi. Yakitagwa usiku, asubuhi yanahamishwa kwa mashua hadi ufuko wao, ndani ya saa chache, bila kugeuzwa juu chini, maana kiini kikishajishikiza yai likipinduliwa linakufa. Yanafukiwa upya kwa kina kile kile, na shimo linawekwa alama na tarehe.

Mume wangu na mtoto walivaa miwani wakazama pembeni mwa fungu. Waliporudi mtoto alikuwa hawezi kusema taratibu. Ameona pono wanatafuna mwamba, anasikia meno yao chini ya maji. Kijana wa mashua akamweleza kwamba pono akishatafuna mwamba anatoa mchanga, na mchanga mweupe huu anaoukalia sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Mtoto alichota kidogo akautazama kwa heshima mpya.

Kabla ya kuondoka Mjomba alitandika kikoi chake pale alipokisia palikuwa na moto wao wa kupikia, akaswali rakaa mbili. Maji yalikuwa yameshageuka. Hayaji kama wimbi. Yanapanda kutoka pande zote kwa pamoja, kimya, na fungu linapungua kama sabuni. Alipokunja kikoi kulibaki alama mchangani ya magoti, ya viganja na ya paji la uso. Tulipanda mashua. Nilikuwa nimekaa nyuma, na niliiangalia alama ile mpaka maji yalipoipita. Mjomba hakugeuka. Alishika usukani hadi Ushongo, kusi limeshaamka na mashua inaruka, na hakuna aliyezungumza mpaka tulipogusa mchanga.

Usiku nilimsikia anakohoa nje ya hema. Nilitoka nikakaa naye. Mwezi ulikuwa mpevu, huhitaji tochi. Alinieleza majina ya mabaharia wote aliolala nao Maziwe, mmoja mmoja, na kila mmoja alikozikwa.

Siku ya tano. Mwezi siku 16. Kupwa saa tano kasorobo asubuhi, kujaa saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni.

Hatukufanya kitu. Tulilala, tukanunua vibua vya asubuhi tukavichoma kwa vifuu, wali wa nazi, kachumbari. Kusi lilivuma siku nzima na mivinje ikalia kama Mjomba alivyosema.

Saa kumi na moja tuliitwa. Shimo moja la Maziwe lilikuwa linafunguka, mayai yaliyofukiwa karibu miezi miwili nyuma. Walinzi wa kasa walichora njia mchangani hadi majini wakatuomba tusimame pembeni, tusivuke, tusiwashe simu. Mchanga ulianza kudidimia peke yake katikati. Kikatoka kichwa, kisha viwili, kisha ikawa kama chungu kinachemka. Kila kimoja hakizidi kiganja cha mtoto. Vinafuata mwanga wa upeo wa bahari, ndiyo maana taa za ufukweni zinavipoteza njia. Tuliambiwa kwamba hata kuwa dume au jike kunaamuliwa na joto la mchanga: ukiwa wa moto wanakuwa majike, ukiwa wa baridi madume, na mwaka hadi mwaka wanapima joto hilo kwa wasiwasi.

Maji yalikuwa juu, safari yao ilikuwa fupi. Mtoto alihesabu 94. Kimoja kilichelewa, kimelala chali kwenye unyayo wa mtu. Alimwomba mlinzi ruhusa akakigeuza kwa kidole kimoja. Kilitulia kwanza. Kisha kikaenda.

Wakipona, majike yao yatarudi kutaga baada ya miaka ishirini na zaidi. Nilimwona Mjomba akipiga hesabu hiyo midomoni.

Siku ya sita. Mwezi siku 17. Kupwa saa tano na nusu asubuhi, kujaa saa kumi na moja na nusu jioni.

Kipumbwi haikuwa kwenye mpango wangu. Nilifikiria kuendelea hadi Mkwaja, hata Saadani, mbuga ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 ambako wanyama wa porini na bahari wanapakana. Lakini Mjomba aliomba Kipumbwi, na hakuwa ameomba kitu tangu tutoke.

Ni bandari ya vyombo vinavyokwenda Mkokotoni, Unguja. Watu, mkaa, mbuzi, mahindi, mikeka. Karibu na maji mzee mmoja alikuwa amekaa chini anashona tanga, sindano mkononi. Mjomba alisimama nyuma yake akatoa salamu. Yule mzee hakugeuka. Alisimamisha sindano, akasema jina la utani la Mjomba, jina ambalo mimi sijawahi kulisikia nyumbani.

Hema? Hatukuthubutu hata kulitaja. Tulivuliwa mizigo mabegani. Mimi niliingizwa jikoni, nikapewa nazi ya kukuna, na mke wa mzee akawa ananiita mwanangu kabla sijamaliza ya kwanza. "Mmetoka Tanga lini?" Siku ya sita leo. "Na mlikuwa mnalala wapi?" Nilipomwambia, aliweka mwiko chini. Lakini watoto wa nyumba walikuwa wameshalichungulia hema ndani ya gari. Baada ya isha lilisimamishwa uani, kati ya mpapai na kisima, na walilala humo watoto saba, mwanangu akiwa katikati anawaeleza habari za kasa. Sisi wakubwa tulilala ndani, kwenye vitanda vya kamba.

Siku ya saba. Mwezi siku 18. Kujaa saa kumi na mbili kasoro dakika tano alfajiri.

Tuliamshwa na adhana na moja kwa moja tukashuka pwani. Mchana tutaanza kurudi, kwa kivuko na barabara ile ile. Jahazi la Mkokotoni lilikuwa linaelea, limejaa, umande unavuma kutoka bara. Wakavuta henza, tanga likapanda, na kiraka kipya cha mzee kilionekana cheupe kuliko kitambaa kingine.

Yule mzee alimshika mwanangu bega. "Haya, nahodha. Kesho alfajiri maji yanajaa saa ngapi?"

Mtoto hakufungua daftari. Alitazama mwezi, ulikuwa bado uko juu upande wa bara, umeanza kuliwa ukingoni.

"Saa moja kasoro dakika ishirini, babu."

Mzee akamgeukia Mjomba. Mjomba alikuwa analitazama tanga.